Wakuu, asili ya neno "dalali" ni nini? Posa ni Jumapili

KijanaWaMbagala: Wakuu, wazee wangu wanapeleka posa Jumapili. Baba wa binti keshasema, "Simwozi dalali." Naomba asili ya hili neno ili mshenga awe na la kujibu. Nimechanganyikiwa.

Mwl_Mstaafu: Ni la Kiarabu, dallal, shina moja na "dalili": mwenye kuonyesha, kuelekeza. Sokoni ndiye mnadi. Niliwahi kufika Nizwa, Oman, soko la mifugo la Ijumaa. Wanunuzi wamekaa duara, dalali anazunguka na mbuzi kwenye kamba huku anataja bei; mtu akimtaka anamsimamisha, anamfunua mdomo kukagua meno. Mumbai, penye soko la hisa, mtaa unaitwa Dalal Street. Ila kwa Kihindi neno hilohilo huwa tusi, yaani kuwadi. Mshenga asifike huko.

MamaNasra: Mimi dalali alinionyesha chumba Tandale. Kodi ya miezi sita, na mwezi mmoja wake. Siku ya kuhamia nakuta watu wawili na magodoro mlangoni, wote tumelipia chumba hichohicho! Mzee ana haki.

KijanaWaMbagala: Mama, huyo tapeli. Udalali ni kazi halali, hata mahakama ina madalali wake.

KachumbariKali: Ndio hao wanaobeba makochi ya watu 😂

Yakhe_wa_Wete: Ngoja kwanza. Huyo mzee kakulia wapi?

KijanaWaMbagala: Unguja, jirani na soko la Darajani.

Yakhe_wa_Wete: Basi hii chai. Mtoto wa Darajani kakua akisikia samaki wakinadiwa, leo neno dalali limtie kichefuchefu? Ama umetunga, ama kuna kitu umekimeza.

KachumbariKali: Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

KijanaWaMbagala: Si chai! Haya. Mwaka jana nilimuuzia mjomba wa binti kiwanja Chanika. Mwenyewe alitaka milioni 6, mimi nikataja 8. Cha juu kila dalali anaweka, jamani. Juzi wamekutana msibani, wakaulizana bei. Lakini wakati ule binti nilikuwa simjui.

MamaNasra: Ulimjulia wapi?

KijanaWaMbagala: Alikuja na mjomba wake siku ya kukagua kiwanja.

MamaNasra: Kwa hiyo bei uliitaja mbele yake.

KijanaWaMbagala: Mama, biashara ni maelewano. Mjomba aliridhika, akasaini.

Mwl_Mstaafu: Kijana, achana na Kiarabu. Hizo milioni 2 umezirudisha?

KijanaWaMbagala: Mwalimu, ndizo nilizotenga kwa mahari.

KachumbariKali: Yaani mzee apokee mahari kwa hela za shemeji yake 😂😂

Yakhe_wa_Wete: Nafuta neno chai. Hii hatungi mtu.