Walimu wa kozi za mitandao, acheni kudanganya watu kwamba libpcap (maktaba ya kunasia data ya mtandao) inabadilisha pakiti!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Wiki tatu zimeteketea, mteja nusura aninyang'anye kazi, yote kwa sababu ya somo moja la kozi niliyoilipia 85,000.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Mteja ana mzani wa kupimia malori, programu yake ni ya zamani na aliyeiandika hapatikani. Kila ujumbe unaokwenda kwenye seva unabeba jina la kituo lenye herufi 6. Seva mpya inataka herufi 9. Nikaweka kompyuta ya Linux katikati, kwa ridhaa ya mteja, inase pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni), ibadilishe jina, iiachie iendelee.

Mwalimu anasema, tena kwa kujiamini: fungua libpcap, nasa pakiti, ibadilishe, itume. Nikafanya hivyohivyo. Seva ikaendelea kupokea jina la zamani! Kumbe libpcap inakupa NAKALA tu. Pakiti yenyewe imeshapita. Ukituma uliyoibadilisha, seva inaona namba ya mfuatano ileile (hesabu ya baiti zilizotumwa) imeshapokelewa, inaitupa. Jambo hili linaelezwa kwa sentensi moja. Kwa nini mtu anayelipwa kufundisha asiliseme?

Kwenye Linux kinachotakiwa ni NFQUEUE: iptables (zana ya Linux ya kuongoza pakiti) inaisimamisha pakiti ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), inaikabidhi programu yako, na haiendi popote mpaka useme ipite au itupwe. Kwenye Windows ipo WinDivert, kwa kazi hiyohiyo. Video za saa 14, na hakuna hata moja inayoyataja haya.

Nikahamia huko mwenyewe. Sasa pakiti zinabadilika, lakini seva inazitupa kimyakimya. Tatizo ni cheksamu, namba ya kuhakiki kwamba data haijaharibika njiani. Ukigusa baiti moja ya data, cheksamu ya TCP (tabaka linalopanga na kuthibitisha data) haikubali tena. Ukibadilisha urefu, ya IP (tabaka la anwani) nayo imeharibika, maana urefu umeandikwa kwenye kichwa cha IP. Kwenye Scapy (maktaba ya Python ya kuunda pakiti) unafuta len na chksum, yaani urefu na cheksamu, inazikokotoa upya. Sawa. Ila nilipofungua Wireshark (programu ya kutazama pakiti) kwenye kompyuta ya mzani, hata pakiti ambazo sijazigusa zilionyesha cheksamu mbovu! Siku nne nawinda kosa ambalo halipo. Cheksamu hizo hujazwa na kadi ya mtandao, baada ya Wireshark kuchukua nakala yake.

Na bado! Herufi 3 zilizoongezeka zinasogeza namba za mfuatano. Mzani umetuma baiti 60, seva inathibitisha kupokea 63. Kuanzia hapo kila pakiti inayokwenda uiongezee 3, kila uthibitisho unaorudi uupunguzie 3, na ujumbe wa pili ukipita tofauti ni 6. Hapa ndipo mwanafunzi anapomhitaji mwalimu, na hapa ndipo somo linapokatika.

Mwisho niliachana na pakiti ghafi kabisa. Iptables inaelekeza muunganisho wa mzani kwenye programu yangu, programu inafungua muunganisho mwingine kwenda kwenye seva, inabadilisha jina katikati. Mistari 40 ya Python. Cheksamu na mfuatano ni kazi ya kerneli. Hata njia hii hakuitaja!

Nimeomba pesa yangu, nimezuiwa kuandika maoni. Somo hilo, la 9, bado linauzwa vilevile, bila kusahihishwa hata neno moja.