Mahojiano ya Sembène: nisome kwanza au niangalie kwanza?

Msomaji_wa_Usiku:
Wanajamvi, salaam. Wiki ya tatu hii nimezama kwenye kitabu cha mahojiano ya Ousmane Sembène, yule Msenegali aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla hajaandika riwaya na kutengeneza filamu. Nakisoma usiku, penseli mkononi, na kimenitia kwenye mtihani.

La Noire de... (1966) niliiangalia bila kusoma chochote. Diouana, msichana wa kazi kutoka Dakar, anapelekwa Antibes na waajiri wake Wafaransa. Mdomoni hatoi zaidi ya "ndiyo, bibi", lakini moyoni anawaza kwa Kifaransa kilichonyooka. Nililia. Kisha nikasoma wahakiki: kumbe sauti ile si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona, ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti! Sasa kuna anayeona Kifaransa kile ni alama ya akili iliyotawaliwa, na kuna anayesema ni fedha na soko la Ufaransa tu. Diouana wangu amekuwa kama kanyang'anywa ulimi.

Nyie mnasoma kabla au baada? Na mkikuta msanii anasema hivi na mhakiki vile, mnamfuata nani?

Mkokoteni:
Baada, ndugu yangu, na katikati uandike ukurasa wako mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa Borom Sarret (1963), filamu yake fupi ya mwenye mkokoteni wa Dakar, ni dakika 20 hivi. Ukurasa wangu wote ulihusu ile nishani ya mwenye mkokoteni inayokanyagwa na askari. Wahakiki niliowafungua baadaye walikaa zaidi kwenye mpaka kati ya mitaa ya makabwela na Plateau, mtaa wa wakubwa wa Dakar, na wana hoja nzito. Ila ningeanza na wao, nishani ingenipita.

Binti_Makunganya:
Mimi kwanza natazama anayeuliza ni nani. Tafuta mjadala wake wa 1965 na Jean Rouch, Mfaransa aliyepiga filamu nyingi Afrika Magharibi. Sembène alimwambia usoni kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Pale hajibu maswali ya mwandishi wa gazeti anayempenda, anagombana na mtu wa fani yake, na ndiyo maana kila neno lina uzito.

Wahakiki nao wana ukoo. Paulin Soumanou Vieyra aliandika kitabu kizima kumhusu Sembène mwaka 1972, na huyohuyo alishirikiana naye kutayarisha filamu. Anajua mambo ambayo wa nje hawayajui. Namheshimu sana, lakini namsoma nikikumbuka kuwa yumo ndani ya nyumba.

Kuhusu Kifaransa cha Diouana, kaka, angalia alichofanya baadaye. Mandabi (1968), filamu yake ya kisa cha hawala ya fedha, aliitengeneza kwa Kiwolof, lugha ya Wasenegali wengi, na kwa Kifaransa pia. Kwangu hilo ni jibu kuliko mahojiano yoyote. Na kisa hichohicho sisi tunacho kwa Kiswahili: Amandina Lihamba alikifanya tamthilia, Hawala ya Fedha.

Msomaji_wa_Usiku:
Dada, umenishtua. Hawala ya Fedha ipo kwenye kabati la marehemu baba, mgongo wake naujua tangu utotoni, na sikuwahi kuihusisha na Sembène! Nimeitoa sasa hivi, ina vumbi. Mkokoteni, nakufuata: kitabu cha mahojiano nimekifungia kwenye droo. Jumamosi naangalia Mandabi ya Kiwolof, naandika ukurasa wangu, halafu naanza na Lihamba.