Tupeane uzoefu: Uliifahamu vipi historia ya timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Marshall?

Wanajukwaa, salaam. Najua humu tumo tuliosoma au kuishi Huntington, West Virginia, na wengine mpo Ohio na North Carolina. Naomba kila mmoja aeleze jinsi alivyoifahamu historia ya timu hii, kwa kuwa wengi wetu tulifika kule tukiwa hatujui hata sheria za futiboli ya Kimarekani. Naanza mimi.

Nilifika mwezi wa Agosti kusomea shahada ya uzamili, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikila chakula cha mchana kando ya chemchemi ya shaba iliyopo chuoni, bila kujiuliza iliwekwa kwa ajili ya nani. Tarehe 14 Novemba nikakuta umati umeizunguka, watu wamevaa kijani, na majina yanasomwa moja baada ya jingine. Jina moja la ukoo lilisomwa mara mbili mfululizo, na mzee aliyesimama karibu nami akaninong'oneza kuwa hao walikuwa mume na mke, mashabiki waliosafiri pamoja na timu. Baada ya shada la maua kuwekwa, maji yalifungwa. Yalipungua taratibu mpaka yakabaki matone, kisha pakawa kimya kabisa, na chemchemi ikakaa kavu hivyo hivyo hadi majira ya kuchipua.

Mzee yule ndiye aliyenieleza kwamba jioni ya tarehe 14 Novemba 1970, timu ilikuwa ikirejea kutoka Greenville, North Carolina, ilikofungwa na East Carolina pointi 17 kwa 14. Kulikuwa na mvua na ukungu, na ndege ilishuka chini kupita kiasi kabla marubani hawajauona uwanja wa kutua, ikagonga miti ya kilimani na kuanguka. Watu wote 75 waliokuwamo walifariki, wakiwemo wachezaji 37 na kocha mkuu, Rick Tolley. Wachezaji sita ambao miili yao haikuweza kutambuliwa walizikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, ambako nilipanda Jumapili iliyofuata.

Mchangiaji wa pili (Huntington)

Ahsante kaka kwa kuanzisha mada hii. Mimi nilipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye mwaka 1970 alikuwa binti wa shule, na kila ifikapo Novemba alikuwa akinisimulia habari za mazishi. Alisema mji ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu alitoka kwenye ibada moja akaenda moja kwa moja kwenye nyingine, na kwamba watoto kadhaa walipoteza baba na mama usiku uleule. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba bibi huyu, ambaye kwa kawaida alipenda sana mazungumzo, alikuwa akifika hapo ananyamaza, anainuka, anakwenda kuchemsha maji ya chai. Nilijifunza kumwacha.

Mchangiaji wa tatu (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, na mchezo huu nilifundishwa na wenzangu wa kazini. Kwa upande wangu, msimu wa 1971 ndio unaostahili kusimuliwa zaidi. Walikuwapo waliotaka timu ivunjwe, lakini wachezaji waliobaki, akiwemo Nate Ruffin ambaye hakusafiri kwa sababu ya jeraha, walisimama kidete iendelee. Kocha mpya, Jack Lengyel, aliruhusiwa kuwachezesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, jambo ambalo kanuni za wakati huo hazikuruhusu. Bobby Bowden, kocha wa chuo jirani cha West Virginia, akawafungulia makocha wa Marshall vitabu vyake vya mbinu wajifunze, ukarimu ambao mimi sijauona mara nyingi kati ya majirani wanaoshindana.

Tarehe 25 Septemba 1971, katika mechi yao ya kwanza nyumbani, waliifunga Xavier pointi 15 kwa 13. Saa ilikuwa imekwisha wakati pasi ya Reggie Oliver ilipomfikia Terry Gardner, kijana wa mwaka wa kwanza, naye akaingia nayo hadi mwisho wa uwanja. Msimu ule walishinda mechi mbili tu kati ya kumi, na bado watu wa Huntington huuzungumzia kwa fahari kuliko ule wa 1996, ambao timu ilishinda mechi zote 15 na kutwaa ubingwa wa daraja lake.

Mchangiaji wa nne (Greenville, North Carolina)

Wakuu, naongeza la upande huu. Kwenye uwanja wa East Carolina kuna bamba la kumbukumbu ya timu ya Marshall. Mwaka Marshall walipokuja kucheza nilikuwa mhudumu wa muda langoni, na nilimwona shabiki wa makamo akivua kofia yake ya kijani, akaliwekea bamba lile kiganja, akakaa hivyo kwa muda mrefu huku foleni ikimsubiri nyuma yake. Hakuna hata mtu mmoja aliyemharakisha.