Tupeane uzoefu: ulipokimbia kipigo usiku, nani alikufungulia mlango?

Mama Wawili
Juzi saa nane usiku jirani wa nyumba ya tatu alinigongea geti. Kanga moja, pekupeku, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Mume wangu akasema usifungue, hayo ni ya mke na mume. Nikafungua. Nilipomwona nikajiona mimi mwenyewe, Mbagala, mwaka 2014, mdomo umevimba, nagonga milango ya watu. Wa kwanza walizima taa. Wa pili baba mmoja akaniambia kupitia dirishani, "Rudi mkayamalize, binti yangu." Wa tatu alikuwa bibi muuza vitumbua, alishaamka anawasha jiko. Hakuniuliza kitu. Alinipa kigoda na maji ya moto kwenye beseni, akaendelea na kazi yake, ila kila akigeuza vitumbua ananitupia jicho. Mpaka leo nikisikia harufu ya hiliki machozi yananitoka.

Wenzangu, nyie nani aliwafungulia?

Kipepeo wa Kusini
Hakuna. Nililala chooni kwa jirani, mlango nimeufunga kwa kipande cha kanga.

Nyamizi
Mimi dada wa kazi wa nyumba ya pili. Bosi wake alikuja kujua asubuhi.

Binti Mara
Sikutaka kuandika, lakini hilo "mkayamalize" limenichoma. Mimi nilikimbilia kwa baba. Nimetoka saa tano usiku kwa miguu, nimefika alfajiri, mkono wa kushoto umejaa kama muhogo kwa kukinga waya wa pasi. Mama alifungua, akanishika mashavu, akaanza kulia. Baba nyuma yake akauliza, "Na ng'ombe?" Maana ng'ombe wa mahari yangu walishatoka, kaka yangu ameolea. Nikibaki nyumbani, watadaiwa.

Jumapili wazee wakakaa chini ya mwembe. Mume wangu akaambiwa amekosea kwa kupiga "kupita kiasi", akatozwa mbuzi. Mbuzi akachinjwa palepale. Sasa nisikilizeni jamani: yule mbuzi nilimpika mimi. Ugali nilisonga kwa mkono mmoja, wifi yangu kanishikia sufuria. Wazee wakala, wakanawa, wakatubariki, jioni nikapakiwa kwenye pikipiki nyuma ya mume wangu. Hakuna aliyeuliza mkono unaendeleaje.

Wiki ya tatu akanitoa meno mawili. Safari hiyo sikwenda kwa baba. Kituoni askari wa kwanza alinishauri nikayazungumze nyumbani. Nimeshageuka niondoke, askari wa kike wa dawati la jinsia akatoka chumba cha nyuma, akasema, "Dada, njoo ukae." Akanipa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, akanisindikiza mwenyewe hospitali. Huyo ndiye aliyenifungulia mlango. Sasa ni miaka 9, sijawahi kulala na viatu tena.

Kipepeo wa Kusini
Umpike mwenyewe! Mungu wangu.

Fundi Cherehani
Kulala na viatu. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Mama Wawili
Binti Mara, nimesoma nikaweka simu chini. Kwa hiyo damu yako ndiyo iliwalisha.

Mzee wa Kijiwe
Msiwatukane wazee. Usuluhishi umeokoa ndoa nyingi, ya kwangu ikiwemo. Na wapo wanawake wenye mdomo, tuseme ukweli. Wanaume wanaopiga ni wachache, mnawachafua wote.

Nyamizi
Mzee, mdomo unajibiwa kwa mdomo.

Wakili wa Kata
Mzee wangu, shikamoo. Wachache? Utafiti wa kitaifa wa afya wa hapa Tanzania wa 2015–16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Na kinachoniuma zaidi, zaidi ya nusu ya wanawake wenyewe waliona zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Ndiyo maana taa zinazimwa. Waliolala humo ndani nao waliambiwa hivyohivyo na mama zao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Haikuweka "kupita kiasi". Miaka yote hiyo ipo, na sisi bado tunatozana mbuzi.

Mzee wa Kijiwe
Marahaba. Sikusema wapigwe. Nimesema wazee wasitukanwe.

Binti Mara
Baba, sijawatukana. Nimesema walikula.

Dereva wa Fuso
Mimi ni mwanaume na sijawahi kulisema hili. Kwetu mlango nilikuwa nafungua mimi, nina miaka saba au nane. Baba akirudi amelewa haruhusiwi kufungua mtu mwingine. Nilijifunza kusikiliza komeo: akigonga taratibu, usiku huo mama anapigwa, akigonga kwa nguvu, anaanguka analala. Siku moja nilijifanya nimelala, nisifungue. Akauvunja. Mama alipigwa mara mbili ya siku zote, na mimi mpaka leo, mtu mzima na watoto wangu, nahesabu kwamba kile kipigo cha nyongeza ni changu.

Fundi Cherehani
Kaka, haikuwa juu yako. Ulikuwa mtoto.

Nesi wa Zamu
Dereva, pole sana. Niseme la kazi yangu. Mkipigwa msioge kwanza wala kufua nguo zenye damu. PF3 inatoka polisi, daktari anaijaza, inakuwa ushahidi. Lakini anayevuja damu au kupumua kwa shida aje hospitali moja kwa moja, fomu itafuata.

Mtumishi wa Madhabahu
Kabla ya polisi, nendeni kwa viongozi wa dini. Maombi hubadilisha mtu.

Nyamizi
Mimi niliambiwa nifunge siku saba. Siku ya tano akanichoma na pasi. Maombi nayaamini, ila niliombea nikiwa kwa dada yangu Morogoro.

Chausiku
Ushauri wangu: nauli iwe ndani ya kopo la unga, yeye hapiki hawezi kuiona. Vyeti vya watoto peleka kwa mtu mapema. Na ule mwiko mkubwa wa kusongea ugali usikae mbali, akija umkinge nao.

Nesi wa Zamu
Mwiko hapana, Chausiku. Nimewashona waliojaribu. Kimbia.

Mwana wa Kibokoni
Huku kwetu Mombasa kuna sheria ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mahakama yaweza kumkataza asikukaribie, hata kumtoa yeye nyumbani ukabaki wewe na wanao. Na namba 1195 wapigwa bure. Mimi khalti yangu, nduguye mama, ndiye aliyenipigia, mwenyewe sikuwa na ulimi.

Fundi Cherehani
Sisi ambao hatukufunga ndoa je? Nimekaa naye miaka 6, anasema nikiondoka natoka na sanduku langu tu.

Wakili wa Kata
Anakutisha. Mkiishi miaka 2 au zaidi kama mke na mume na watu wakawatambua hivyo, sheria inachukulia kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vingine. Mali mliyochuma, kazi za nyumbani nazo ni mchango; Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed. Kwa talaka, kwa kawaida unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, likishindwa linakupa hati ya kwenda mahakamani. Ila kipigo ni jinai, hicho hakisubiri baraza. Tafuta msaada wa kisheria wa bure, usiende peke yako.

Fundi Cherehani
Asante. Nimeandika kwenye karatasi nimeiweka kwenye droo ya cherehani.

Mama Wawili
Jamani, mume wa jirani amekuja leo asubuhi na wajomba wawili, wanataka "wayamalize". Mume wangu, yuleyule aliyesema nisifungue, amesimama getini akawaambia dada kalala. Kesho tunampeleka dawatini. Ila mtoto mkubwa analia, sare na daftari vimebaki kule. Kuna mtu upande wa Temeke ana sare ya msichana wa darasa la pili?

Kipepeo wa Kusini
Ninayo ya mwanangu, imeshambana. Nakutumia ujumbe pembeni. Viatu anavaa namba ngapi?