Noah: nibadili mpira wa draivshafti tu, au nichukue shafti nzima ya mtumba?

Mtu_wa_Buhongwa
Wakuu habari za leo. Noah yangu imechana mpira wa draivshafti (ule unaofunika jointi ya shafti inayozungusha tairi) upande wa kushoto, grisi imetapakaa mpaka ndani ya rimu. Fundi wa kwanza anasema tubadili mpira tu, 60,000 na ufundi wake. Wa pili anasema jointi imeshaisha, nichukue shafti nzima ya mtumba wa Japani kwa 180,000. Jumamosi naenda nayo Sengerema. Nishike lipi?

Soketi_30
Noah gani mkuu? Ile ya zamani, SR40, inasukumwa na matairi ya nyuma, mbele haina shafti. Kama ni SR50 ya fowili (inayovuta matairi yote manne) au AZR60, sawa. Mpira upi, wa ndani kwenye gia boksi au wa nje kwenye tairi? Ukikata kona inalia? Imechana lini? Umeleta mgonjwa hujasema anaumwa wapi.

Dagaa_Express
Uza hiyo ununue Hiace. Miaka tisa nabeba dagaa kutoka Kayenze, sijui hata mpira wa CV, wa hizo jointi zenu, unauzwa duka gani.

Soketi_30
Na krosi za propela, ile shafti ndefu ya kwenda nyuma, umebadilisha ngapi?

Dagaa_Express
Krosi ni hela ya chai.

Mama_Kirumba
Mwanangu wa Buhongwa, ngoja nikusimulie. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa tulikuwa na msiba Sengerema. Mpira wa Noah yangu ulikuwa umechanika, fundi akaniambia mama usijali, akaweka ule wa kupasua unaobandikwa kwa gundi, juu akaukaza kwa waya. Tukavuka na kivuko salama. Kushuka upande wa Busisi, pale napanda kutoka majini, nikasikia kishindo, kah! Gia imeingia, injini inanguruma, gari limesimama. Shafti ya kulia nzima kabisa lakini haisaidii, nguvu yote inakimbilia upande uliokatika. Nikaweka P, ile ya kuegesha, nikajua nimepona. Wapi! Gari likaanza kurudi nyuma kwenye maji, abiria wanapiga kelele, shemeji yangu akaruka na kanga mkononi kutafuta jiwe. Nilipovuta hendibreki ndipo lilipotulia. Nyuma yangu malori yanapiga honi. Tukafika makaburini watu wanakunja majamvi. Kufungua ile jointi, ndani hakuna grisi, kuna uji wa mchanga.

Mwana_Isamilo
Pole mama. Sasa hivi daraja la Kigongo hadi Busisi ni dakika tu, tangu Juni 2025. Zamani foleni ilikula siku nzima.

Dagaa_Express
Ila samaki wa kukaanga wa kwenye foleni nimewakumbuka.

Mtu_wa_Buhongwa
Ni AZR60, mpira wa nje. Kulia sijasikia, redio huwa iko juu. Ulichanika nadhani mwezi wa nne.

Soketi_30
Mwezi wa nne! Umekula masika yote na vumbi juu yake. Zima redio, nenda uwanjani, kata usukani mpaka mwisho, ondoka ukikanyaga mafuta. Ikilia ka-ka-ka, jointi ya nje imekwenda, na mpira mpya hapo ni kumvisha marehemu suti. Ikinyamaza, chukua grisi kidogo usugue kwa vidole. Ukikuta mchanga, jibu umepata. Ukikuta laini, fungua, osha kwa petroli, ikauke, jaza grisi nyeusi ya molibdenamu, siyo ile ya beringi. Mpira uwe mzima, ule unaowekwa mpaka shafti ivuliwe, na klampu za chuma. Akichukua waya, ondoa gari lako.

Mwana_Isamilo
Mimi niliweka jointi mpya ya bei rahisi, miezi minane ikaanza kulia. Nikatupa, nikachukua shafti ya mtumba. Milima yetu hii na mawe yake, mwaka wa tatu kimya.

Soketi_30
Bahati yako. Shafti ya mtumba inakuja na mipira yenye umri uleule wa gari. Ikunje uone nyufa kwenye mikunjo kabla hujalipa. Na ukichomoa shafti badilisha sili ya gia boksi, vinginevyo wiki ijayo utakuja kuuliza oili inavuja wapi.

Mtu_wa_Buhongwa
Wabeja sana. Nimetoka uwanjani sasa hivi. Inalia, lakini nikikata kulia tu. Kushoto kimya. Hiyo inahesabika?

Soketi_30
Jointi ya kushoto hulemewa ukikata kulia. Inahesabika.

Mtu_wa_Buhongwa
Inalia kidogo lakini. Sengerema na kurudi haiwezi kuvumilia?

Mama_Kirumba
Beba jiwe.

Mwana_Isamilo
Mkuu, hiyo shafti ya 180,000 kama huichukui nielekeze gereji. Ya kulia wanayo?