Mlihamisha shindano tukiwa kwenye treni, kisha mkatumia picha ya rafiki yangu kuuza tiketi za mwakani

Wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa Kigoma, siku ya tisa tangu nirudi kutoka Dar es Salaam, na siku zote hizo nilinyamaza kwa makusudi nikisubiri hasira ipungue. Haijapungua. Juzi jioni jamaa mmoja wa Gungu alinitumia bango jipya la waandaaji wa lile tamasha la mashabiki wa katuni, vibonzo na michezo ya video, linalowashukuru waliohudhuria na kuwahimiza watu wanunue mapema tiketi za mwakani. Katikati ya bango hilo, akiwa amemeza zaidi ya nusu ya nafasi yote, amesimama rafiki yangu ndani ya vazi alilolitengeneza kwa mikono yake. Jina lake halipo. Ruhusa hakuombwa. Na hao hao waliomweka kwenye bango ndio waliomzuia kupanda jukwaani kwao. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nimekwisha kuwaandikia barua na sitaki uzi huu ufutwe kabla hawajajibu. Waliokuwepo wanajua ninazungumza juu ya nani.

Huyu rafiki yangu nitamwita Fundi, maana hata pale Mwanga anaposhonea wengi hawalijui jina lake jingine. Anashona sare za shule na magauni ya vitenge. Mapenzi yetu ya katuni za Kijapani yalianza tukiwa sekondari, tulipokuwa tukichangishana fedha ili tujaziwe katuni kwenye flashi, kisha tunajibana watu saba mbele ya televisheni moja, na anayejua Kiingereza kidogo anawasomea wenzake maandishi ya chini. Kwenda kwenye mkusanyiko mkubwa wa watu wanaopenda tunachokipenda lilikuwa jambo tulilolizungumza kwa zaidi ya miaka kumi, mara nyingi kwa utani.

Mwaka huu tangazo lilipotoka likisema kwamba kutakuwa na shindano la mavazi lenye sehemu mbili, moja ya wahusika wanaojulikana na nyingine ya wahusika wa kubuni, Fundi alichagua sehemu ya pili bila kusita. Alibuni mlinzi wa Ziwa Tanganyika, askari mwenye mwili wa magamba anayetoka kilindini usiku. Malighafi haikuwa ya kuagiza: ni madumu ya plastiki ya mafuta ya kula, ambayo hapa kwetu hayakosekani kwa kuwa mawese husafiri ndani yake. Aliyaosha kwa majivu na sabuni mpaka harufu ikaisha, akayapasua, akakata vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kila kipande alikipasha juu ya jiko la mkaa hadi kilegee, akakikandamiza kwenye mgongo wa upawa ili kipate mbonyeo, akakitoboa matundu mawili kwa msumari wa moto, kisha akakishona kwenye turubai. Mara ya kwanza alianza kushona kutoka mabegani kwenda chini, na alipolivaa akainama, ncha zote zikanyanyuka na kumchoma shingoni. Alifumua kila kitu, kazi ya usiku mbili, akaanza upya kutoka kiunoni kwenda juu ili kila safu ilalie ile iliyo chini yake, kama vigae vya paa. Magamba yalikuwa 412. Ninaijua hesabu hiyo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuhesabu na kupuliza rangi, fedha ubavuni na samawati iliyokolea mgongoni, kama mgebuka anapotolewa majini.

Kazi hiyo ilichukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo Fundi alikataa oda mbili za sare ambazo zingemlipia pango la kibanda chake.

Tulilipa shilingi 40,000 kila mmoja kwa tiketi ya siku mbili, na Fundi akaongeza 20,000 ya ada ya shindano. Tulilipa kwa simu. Mamlaka ya Mapato imetukaririsha kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, nami niliidai mara mbili, nikajibiwa kwamba ujumbe wa muamala unatosha. Ratiba iliyokuwa kwenye ukurasa wao ilisema waziwazi kwamba shindano la mavazi ni Jumapili, saa nane mchana. Kwa ratiba hiyo tulipanga safari yetu: kupanda treni Kigoma Alhamisi jioni, kufika Dar es Salaam Jumamosi mchana, kulala, kurekebisha magamba yatakayokuwa yamelegea njiani, na kushindana Jumapili. Tulichagua treni badala ya basi kwa ajili ya mzigo, kwani vazi lilikuwa ndani ya boksi la friji, na hakuna kondakta wa basi ambaye angekubali boksi la namna ile likae bila kuwekewa magunia juu.

Ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Uvinza Fundi aliamka kuliangalia boksi. Tabora watu waliposhuka kununua asali, yeye alibaki amelikalia ubavuni. Ijumaa usiku nilizima simu ili nitunze chaji, kwa kuwa mtandao wenyewe ulikuwa ukija na kupotea. Saa tano na dakika kumi usiku huo, tukiwa tumelala na treni ikiwa bado haijafika Dodoma, waandaaji waliandika kwenye ukurasa wao sentensi moja: shindano la mavazi limehamishiwa kesho Jumamosi, saa nne asubuhi. Waliweka na kialama cha mikono iliyokunjwa ya kuomba radhi.

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo palipo na mzozo wenyewe. Silalamiki kwamba ratiba ilibadilika, maana hata harusi hubadilishwa ukumbi. Nalalamika kwamba waliibadilisha zikiwa zimebaki saa zisizofika kumi na moja kabla ya shindano, usiku, kwa tangazo ambalo lazima mtu aende kulitafuta, ilhali namba za simu za washindani wote walikuwa nazo. Fomu ya kujiandikisha ilitaka namba. Malipo yalifanyika kwa namba hizo. Walipokuwa wakitaka ada, walimtumia Fundi ujumbe mara tatu katika wiki moja kumkumbusha kwamba nafasi zinakwisha. Walipokuwa wakimnyang'anya nafasi aliyoilipia, hawakutuma hata mmoja.

Tangazo tuliliona Jumamosi saa saba mchana, ndani ya bajaji, boksi likiwa limefungwa juu kwa kamba. Fundi alilisoma, akanirudishia simu, akasema, "Twende tu, ndugu yangu, huenda wamechelewa kuanza." Alivalia vazi nje ya uzio, nyuma ya banda la muuza maji, mimi nikimfunga kamba za mgongoni. Getini watu walimpisha njia wenyewe. Watoto walimfuata. Kabla hatujafika mezani kwa waratibu, vijana wawili wenye kamera na fulana za waandaaji walimsimamisha na kumwomba asimame chini ya bango kubwa dakika mbili tu, nazo zikawa dakika ishirini za juani, geuka kushoto, geuka kulia, nyanyua mkuki, inamisha kichwa. Wakamwambia kwamba watamtafuta. Ndiyo picha iliyoko kwenye bango sasa.

Mezani alikuwepo dada mmoja mwenye orodha. Alimkuta Fundi kwenye orodha, akaweka alama ya mkasi kwenye jina lake, akasema kwamba shindano lilikwisha tangu saa tano na nusu na kwamba asiyefika amejitoa mwenyewe. Nilimweleza kwamba tumetoka Kigoma na ratiba tuliyoilipia ilisema Jumapili. Akajibu bila kunitazama, "Kaka zangu, nyie wa mikoani mngepanda ndege." Nilitaka kupandisha sauti. Fundi alinishika mkono, akaniambia yule ni mtoto wa watu ametumwa tu, tumtafute aliyemtuma. Aliyemtuma hakupatikana siku hiyo wala Jumapili. Baadaye mshindani mmoja alituambia kwamba kwenye sehemu ya wahusika wa kubuni walipanda watu wanne tu, kwa kuwa wengine kadhaa walikuwa bado njiani kama sisi, na kwamba jukwaa la Jumapili mchana lilikuwa limeachiwa mdhamini aonyeshe bidhaa zake. Jumapili tulikwenda tukajionea wenyewe. Saa nane mchana, saa ya Fundi, jukwaani palikuwa na mtu anayegawa kofia.

Maji ya shilingi 3,000, mgeni maarufu aliyeahidiwa kuja ambaye alionekana kwenye skrini akikatikakatika kwa mtandao mbovu, na kanuni ya kwamba ukitoka huingii tena hata kama unakwenda kula, hayo wenzangu wamekwisha kuyasema.

Ila kuna jambo la majigambo. Waandaaji hawa walijitangaza kwamba wanatuletea San Diego nyumbani. Mkutano wa mashabiki wa vibonzo wa San Diego, Marekani, ulianza mwaka 1970 na siku hizi hukusanya watu zaidi ya 130,000, nao hutoa ratiba ya vipindi takriban wiki mbili kabla, kwa sababu wanajua kwamba watu wanasafiri. Ule wa Tokyo unaoitwa Comiket ulianza Desemba 1975 ukiwa na watu wapatao 700 tu, lakini msimamo wake mpaka leo ni kwamba kila aliye ukumbini, muuzaji na mnunuzi, ni mshiriki na wala si mteja. Simtaki mtu atujengee ukumbi wa Tokyo. Kutuma ujumbe kwa simu kuna gharama gani?

Na kuhusu picha, historia ya mashabiki wenyewe ina mfano unaoniuma. Katika mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi, uliofanyika New York mwaka 1939, watu wawili walikuja wamevaa mavazi ya kubuni, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas. Mavazi ya wote wawili alikuwa ameyashona Myrtle. Kwa miaka mingi sifa ya kuwa wa kwanza ilikwenda kwa Ackerman. Kumbe mambo ya kumsahau fundi hayakuanzia kwenye bango letu.

Najua watakuja watu hapa chini waseme kwamba ukiingia kwenye tamasha umekubali kupigwa picha. Nimeyasoma masharti ya tiketi yote, ni mistari sita, na hakuna mstari unaosema hivyo. Hata ungekuwepo, kuonekana katikati ya umati ni jambo moja, na kufanywa sura ya kuuzia tiketi za mwaka mzima ni jambo jingine kabisa. Tangu mwaka 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye tume yake, na sura ya mtu ni katika vitu vinavyomtambulisha kuliko hata namba yake ya simu. Kuhusu kuuziwa kitu kwa maelezo ambayo siyo, kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tume inayoisimamia. Nakala ya barua yangu imekwenda kwenye tume zote mbili, pamoja na ujumbe wa malipo na picha ya bango.

Tunachodai kimo kwenye barua, nacho ni kidogo kuliko mtakavyodhani. Nauli hatuidai, treni ilitufikisha. Tunataka Fundi arudishiwe ada ya shilingi 20,000 ya shindano ambalo hakushindana, na kila mshindani aliyekuwa njiani usiku ule arudishiwe yake. Tunataka bango lishushwe, au Fundi aulizwe kwa heshima, atajwe kwa jina na alipwe kama anavyolipwa yeyote anayetangaza biashara ya mtu. Nimempigia mratibu mara nne. Mara ya kwanza aliniambia kwamba kuwekwa kwenye bango ni heshima kubwa na kwamba wengine wangeshukuru. Mara tatu zilizofuata hakupokea.

Fundi mwenyewe hajui kwamba nimeandika hapa. Jana nilipita kibandani kwake, nikamkuta anashona sare, na vazi limening'inizwa ukutani nyuma ya cherehani. Mama mmoja aliyekuja kupima gauni alilishika gamba moja, akauliza kama ni dumu. Fundi akamjibu kwamba ni dumu, mama, na akaendelea kukanyaga cherehani.

Sasa nina ombi moja kwa waliokuwepo. Ile ratiba ya kwanza, iliyosema Jumapili saa nane mchana, wameifuta kwenye ukurasa wao, na nakala niliyonayo mimi imekatika chini, mahali palipokuwa na tarehe ya kutolewa. Mwenye nakala kamili aiweke hapa, na washindani wengine waliokuwa njiani usiku ule waandike walitoka mkoa gani na walilipa lini.