Mwanga mwekundu na maumivu ya misuli baada ya mazoezi

Mkimbiaji wa Mlimani: Habari zenu. Kila nikikimbia mteremko mrefu, mapaja hukaza kiasi kwamba kesho yake kushuka ngazi ni shida. Gym ninayokwenda imeleta paneli ya mwanga mwekundu na inatoza ada ya ziada. Je, inasaidia kweli?

Fiziotherapia: Maumivu hayo husababishwa na michubuko midogo ya nyuzi za misuli zinaporefuka huku zikibeba uzito, ndiyo maana mteremko huumiza kuliko mwinuko, na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi. Mwanga mwekundu wa nanomita (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) 630 hadi 660, pamoja na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 810 hadi 850 ambayo hupenya zaidi, hufyonzwa na mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, na unadhaniwa kuchochea utengenezaji wa nishati ndani ya seli. Tafiti ni nyingi, lakini matokeo yanapingana kwa kuwa dozi hutofautiana mno. Baadhi ya zile zenye matumaini zilitumia mwanga kabla ya mazoezi, si baada yake.

Mama Riadha: Waulize wahusika urefu wa mawimbi na nguvu ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba. Wakibabaika, baki na pesa yako. Kinga macho pia.

Mkimbiaji wa Mlimani: Ahsanteni. Nitauliza kwanza.

Fiziotherapia: Vema. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali, huenda misuli imeharibika vibaya; achana na taa, wahi hospitali.